Misumari Miwili Nyuma ya Duka la Mzee Twalib

Ubao ulifika kwangu Sekei Jumamosi asubuhi, umeviringishwa kwenye magazeti na kufungwa kamba ya katani, umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mjukuu wa kike wa Mzee Twalib. Yule mama alinipa shikamoo kabla hajazima gari, akasema wanavunja duka la babu wajenge ghorofa, na mafundi walipofika chumba cha nyuma wakaukuta bado umepigiliwa ukutani. Bibi yake ndiye aliyewakataza kuutupa. "Amesema ni wa Dada Aneth wa kompyuta," akaniambia, huku macho yake yakizunguka kwenye masufuria yangu yaliyopangwa barazani, yale ninayopikia makundi ya watalii, na niliona wazi kwamba hakuamini. Nikaufungua juu ya meza ya chakula. Ni ubao wa mkaratusi, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, rangi ya bluu imebanduka, na misumari miwili ya inchi nne imetokeza, mmoja kushoto na mwingine kulia. Kutu imeila yote miwili sawasawa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuuficha stoo, maana mdogo wangu Gladness alikuwa anakuja kula mchana ule. Yuko likizo, anafanya kazi Kigali, na ilikuwa miaka mitatu hatujakaa meza moja. Kisha nikauacha pale pale, nikapanga sahani kuuzunguka.

Wanangu wameniuliza mara nyingi kwa nini mama yao mdogo ana shahada mbili na mimi sina hata cheti cha kidato cha nne. Jibu ni fupi: nilikuwa mkubwa, wazazi walikuwa wamefariki, mtu mmoja alitakiwa kuacha shule ili wengine waendelee, nikaacha mimi nikiwa kidato cha pili. Sikulijutia jambo hilo wakati ule na silijutii leo. Lakini kutojuta si sawa na kutoona wivu, na mwaka ninaotaka kuuandika hapa ndio mwaka niliojua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugusana. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, mitumba ya kila kitu inaingia, na kila aliyepunguzwa kazi alikuwa anafungua kampuni.

Frumence alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa Mrombo, mkimya, fundi mitambo aliyelipwa kiinua mgongo akiwa na umri ambao mgongo wenyewe ulikuwa bado umenyooka kabisa. Alitumia fedha zake kununua kompyuta mbili za mtumba na modemu moja, akapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Twalib, Sokon I, akawa anakaa humo akisubiri watu waje kujifunza kuchapa. Hawakuja. Mimi wakati huo nilikuwa nafunga chakula cha safari kwa madereva wa kampuni za utalii: robo kuku, yai, ndizi mbili, andazi, vyote kwenye boksi la karatasi. Nilikuwa naingia ofisi zao zote, kuanzia mnara wa saa mpaka Themi, na nilikuwa nasikia wanachosema wakati wanakula. Walichosema mwaka ule ni kwamba wageni wa Ulaya wameanza kudai imeili, na ofisi nyingi hazikuwa na kompyuta wala mtu wa kuiwasha. Siku moja Frumence alikuwa amesimama mlangoni kwake, anakula andazi langu, nikamwambia: "Kwa nini usiwe posta yao? Barua ziingie kwako, uzitoe kwenye karatasi, mimi nizipeleke na boksi za chakula. Wakijibu kwa mkono narudi nazo, wewe unazituma." Alitafuna mpaka akamaliza, akajifuta vidole kwa leso. "Dada Aneth," akasema, "hiyo ni kampuni." Naandika maneno yale yalivyotamkwa kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nayarudia kichwani, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo upo.

Chumba kilinuka saruji na rangi ya mafuta. Upande mmoja kulikuwa na mabati ya Mzee Twalib, upande wa pili meza yetu, na kwenye kona nilikuwa na jiko langu la mchina, kwa sababu tulikubaliana kwamba wafanyakazi wa kampuni watakula pamoja. Tulikula makande siku nyingi, mtori siku za sokoni, na loshoro nilipopata maziwa ya mgando ya kuichanganyia kutoka kwa mama mmoja wa juu, karibu na msitu wa Meru. Simu hatukuwa nayo. Foleni ya kuunganishiwa ilikuwa ndefu, na Frumence aliyejua mambo ya mitambo alisema hataki kuzeeka kwenye foleni. Mzee Twalib, mtu wa Kondoa mwenye ndevu nyeupe na mkono mwepesi wa kupima misumari kwa kilo, alikubali tutumie simu ya duka lake kwa saa moja tu kwa siku: anapofunga kwenda kuswali adhuhuri na kula kwake. Waya ulipita dirishani. Akishafunga mlango wa mbele, tunachomeka; akirudi, tunachomoa. Kwa hiyo barua zote za siku nzima zilikusanywa zikingoja swala. Siku za kawaida tulipata saa moja. Ijumaa tulipata karibu mbili. Mara moja alirudi mapema, akanyanyua simu tukiwa bado hewani, akasikia ule mlio wa modemu. Alikuja dirishani amefadhaika. "Frumence, mashetani yako yanalia ndani ya simu yangu." Frumence akajibu, "Hayalii, Mzee, yanasalimiana na ya Dar es Salaam." Mzee akasema yasalimiane kwa ufupi.

Ubao ulikuwa wazo la Frumence, na ulitoka shirika la umma moja kwa moja. Alikuwa haamini kitu kisicho na karatasi. Kila barua ya kutumwa iliandikwa kwanza kwa mkono, ikachomwa kwenye msumari wa kushoto. Ikishachapwa na kutumwa, iling'olewa na kuchomwa kwenye msumari wa kulia. Mteja akija kuuliza, hatukuwasha kompyuta; tuliangalia ukuta. Kushoto bado, kulia tayari. Sheria ilituhusu hata sisi wenyewe. Nilikuwa naipenda sheria ile, kwa sababu ilikuwa sehemu ya kazi niliyoielewa yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu wateja walianza kuniambia mimi mambo yao. Nilibeba barua ya kundi lililoahirisha, barua ya mzungu anayemtaka mpagazi fulani wa Mlima Meru kwa jina, hata barua ya mke aliyemwacha mume. Sikuwahi kubadili neno, wala kumwambia mtu wa pili. Frumence alinifundisha kuchapa. Nilichapa kwa vidole viwili, nikitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mchele, lakini kazi yangu haikuwa na kosa. Kwa miezi sita tulikuwa wawili, tukapata ofisi kumi na kitu, tukaandikiwa kibao mlangoni, Mlima Mawasiliano. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina lake mpaka ilipoondoka.

Gladness alimaliza kidato cha sita, akarudi nyumbani kusubiri majibu. Mimi mwenyewe nilimpeleka ofisini. Nilimwambia Frumence, "Huyu ni mdogo wangu, atatusaidia kidogo asikae bure." Alikaa mbele ya kompyuta siku ya kwanza asubuhi, na kabla ya makande alikuwa anachapa kwa vidole kumi akiangalia pembeni, anazungumza na Frumence huku mikono inaendelea yenyewe. Walifundishwa shuleni, alisema, kwenye taipureta za masista. Frumence alisimama nyuma ya kiti akitazama mikono ile. Nilikuwa nakoroga chungu, nikamwona alivyotazama, na haikuwa namna ya mwanamume anayemtazama msichana. Hilo ningelivumilia, hata ningelichekea. Ilikuwa namna ya fundi anayeona kifaa alichokitafuta mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nimetazamwa hivyo, mlangoni, na andazi mkononi mwake. Nilipakua chakula, nikampa Gladness sahani yenye nyama kidogo kuliko ya kwangu. Alikuwa mdogo wangu, nilikuwa nimempakulia tangu akiwa na meno ya maziwa, na ndiyo mara ya kwanza nilipima.

Baada ya hapo sikuacha kupima. Frumence alianza kumwita Mtaalamu. Mimi niliendelea kuwa Dada Aneth. Walikuwa wakizungumza Kiingereza juu ya mambo ya mashine, wala si kwa ubaya, Kiingereza ndicho kilichokuwa na majina yake, lakini wakicheka nilikuwa nasimamisha mwiko nisikilize kama jina langu limo. Kiti cha mbele ya kompyuta yenye modemu kilikuwa changu saa ya swala, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natuma. Ndani ya mwezi kikawa cha Gladness, na hakuna aliyesema neno. Ilikuwa tu kwamba akituma yeye barua thelathini zinamalizika kabla Mzee Twalib hajavaa viatu msikitini. Tukakubaliana nitachapa na kutuma Jumanne peke yake, nisije nikasahau. Mgeni mmoja kutoka benki alikuja kuona kampuni, nami nilikuwa nyuma ya mabati nikiosha vikombe. Nilimsikia Frumence akisema: "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Mgeni akauliza, "Na yule mama?" Frumence akasema, "Yule ni dada yake, anatusaidia." Hakuwa na nia mbaya. Miaka mingi baadaye nilimkumbusha maneno yale akashtuka, akasema hakumbuki kabisa. Mimi nakumbuka kikombe kilichokuwa mkononi, kilikuwa cha bati, chenye ua jekundu.

Gladness hakuona, au nilidhani haoni. Jioni tukirudi nyumbani kwa miguu alikuwa ananieleza mambo. Kwamba kutakuwa na kurasa, kama kurasa za kitabu, ila mtu akiwa Uholanzi anaziona, na kwenye ukurasa tutaweka picha ya Mlima Meru, majina ya waongozaji, bei, njia ya Momella, kila kitu, na watu watachagua wenyewe bila kupitia ofisi ya mtu. "Fikiria, Dada, wapagazi wako wote wale wanaokula maandazi. Kila mmoja na picha yake." Nilimuuliza nani atawapiga picha, nani anawajua. "Wewe," akasema, kana kwamba swali halikuwa swali. Alikuwa ananigawia sehemu ndani ya wazo langu mwenyewe. Nilitembea nikitazama mbele, mlima ukiwa umefunuka wote kama unavyofanya jua likikaribia kuzama, nikamjibu kwamba tununue mafuta ya taa kabla duka halijafungwa.

Mwezi wa saba akaja Mama Ineke. Alikuwa Mholanzi aliyeleta wageni kupanda Meru kila mwaka, mteja wetu wa tangu mwanzo, mrefu, anazungumza Kiswahili cha kukatakata lakini cha kueleweka. Alikula mtori wangu, akaomba wa pili, kisha akasema shirika lake litalipia mtu mmoja kutoka kampuni yetu aende Nairobi miezi mitatu kujifunza kutengeneza hizo kurasa. Frumence hawezi kuacha ofisi, kwa hiyo ni mmoja wetu, mimi au Gladness. "Kila mtu aandike barua yake mwenyewe," akasema. "Kiswahili, Kiingereza, sawa tu. Aseme kwa nini ni yeye. Barua inifike Amsterdam mpaka Ijumaa, Jumamosi nakutana na wenzangu." Frumence alitutazama, akatazama sahani yake. Gladness akasema, "Asante, Mama." Mimi nikasema asante pia. Usiku ule tulilala chumba kimoja kama siku zote, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ataandika nini.

Nilitaka kwenda Nairobi. Hilo niliseme wazi, kwa sababu nimesoma kumbukumbu za watu wengine ambao walipokuwa vijana hawakutaka kitu. Nilitaka kukaa darasani tena, dawati langu, kalamu yangu, mwalimu anayesema "nani anajua," na mimi ninyooshe mkono. Niliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Niliandika kwamba wazo la posta lilikuwa langu, kwamba nawajua waongozaji wote wa Meru, kwamba sijawahi kupoteza barua. Gladness aliandika yake kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mdogo wa kulala. Ilikuwa Jumanne, siku yangu ya kuchapa. Asubuhi kulikuwa na mgao wa umeme, na Gladness alitakiwa kwenda Themi kufundisha karani wa ofisi moja, kwa hiyo aliichoma barua yake kwenye msumari wa kushoto juu ya zile nilizokuwa ningoje kuchapa, akachukua mwavuli. "Dada, umeme ukirudi chapa na yangu. Usinisahau," akasema akiwa mlangoni. Nikamwambia nenda, utachelewa.

Umeme ulirudi zaidi ya saa moja kabla ya swala. Nilichapa barua za ofisi nne. Nikachapa yangu. Nilisikia Mzee Twalib akifunga mlango wa mbele, nikachomeka waya, nikatuma zote tano, na bado nilikuwa na dakika kumi na tano hivi. Barua ya Gladness ilikuwa imebaki peke yake kushoto. Sikuisoma. Nataka kusema sikuisoma kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba Kiingereza chake kilinitisha. Nilisimama, nikazing'oa zile tano, nikazichoma kulia. Kisha nikang'oa na ya Gladness, nikaichoma kulia juu ya nyingine. Basi. Haikuchukua muda mrefu kuliko kutundika taulo. Frumence aliporudi alitazama ukuta, akaona kushoto hakuna kitu, akasema, "Leo umekimbia, Dada Aneth." Gladness aliporudi naye alitazama ukuta. Alinishika begani alipopita.

Ule mkono begani ulinikalia Jumatano nzima. Alhamisi Gladness alianza kunieleza kwamba kama akienda, atakuwa anatuma nusu ya posho nyumbani, na kama nikienda mimi, yeye atapika, "ila msinilaumu." Nilicheka. Nilikuwa nimebeba barua za watu kwa karibu mwaka mzima, wageni ambao sikuwajua, na sikuwahi kuchelewesha hata moja. Nikageuka nikachelewesha ya mtu niliyemlea. Sikupata usingizi mzuri, lakini si kwa sababu ya toba peke yake. Nilikuwa nawaza pia Nairobi. Vitu vyote viwili vilikuwa kitandani pamoja nami, na kila kimoja kilikuwa kinavuta blanketi.

Ijumaa Frumence na Gladness walikwenda Usa River kuonyesha kazi kwenye hoteli moja, wakaniachia ufunguo. Walipotoka tu nilichukua barua yake msumari wa kulia, nikaiweka kando ya kompyuta, nikaanza kuchapa. Nilijua Ijumaa Mzee Twalib anakaa msikitini muda mrefu, na nilijua kwa vidole vyangu viwili nitauhitaji wote. Mtu anayechapa kwa vidole kumi anaweza asisome. Mtu anayechapa kwa viwili, herufi moja baada ya nyingine, hana njia ya kutosoma. Aya ya kwanza ilihusu masomo yake. Ya pili ilihusu kampuni, na nilielewa vizuri zaidi ya nilivyotegemea, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale ya kila siku. Mwanzoni mwa aya ya tatu nikakutana na neno la dada. Nililijua. Nikakutana na kidato cha pili. Nililijua. Kulikuwa na neno fupi la herufi tano ambalo sikulijua, nikafungua kamusi ya Frumence isiyo na jalada. Kamusi ilisema: kupoteza bure. Nikairudia sentensi nzima tangu mwanzo, polepole, na kidole. Alikuwa ameandika kwamba dada yake ni mtu mwema na mwaminifu aliyewasaidia kwa chakula na kubeba barua, lakini shule yake iliishia kidato cha pili, na nafasi hii ikienda kwake itakuwa ni kuipoteza bure.

Nilikaa. Nyuma ya mabati jiko lilikuwa limezimika, nikasikia maji yanadondoka. Ningeweza kuirudisha karatasi kulia na kurudi kwenye masufuria, na hakuna mtu ambaye angejua. Na sasa nilikuwa na sababu ambayo Jumanne sikuwa nayo. Ningeweza pia kuichapa barua yote na kuiruka sentensi ile moja, ambayo nadhani watu wengi wangeniambia ndiyo haki. Nilifikiri kuhusu hilo kwa muda. Lakini yule mke aliyemwacha mume aliandika mabaya kuliko haya na nilimpelekea mume wake bila kuruka neno. Na kulikuwa na jambo jingine, la kiburi zaidi: nikiiondoa sentensi ile nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli, kwamba mtu wa kidato cha pili hawezi kuaminiwa hata kwa karatasi moja. Nikaichapa. Nilitafuta kila herufi yake. Lile neno la herufi tano nililihakiki mara mbili lisije likakosewa, nikaweka nukta alipoweka nukta.

Modemu ilikuwa bado inalia nilipomsikia Mzee Twalib akifungua mlango wa mbele. Nikamwita dirishani: "Mzee, shikamoo, nipe dakika mbili." Akaitikia marahaba, akaja akasimama na kofia yake ya Ijumaa, mkono juu ya simu. "Mashetani hayajamaliza?" "Yanamalizia." Akanitazama vizuri. "Binti yangu, mbona unalia?" Nikamwambia ni saruji. Aliangalia mifuko yake ya saruji iliyofungwa vizuri yote, akangoja. Barua ilipokwenda nikachomoa waya, nikarudisha karatasi ya Gladness kwenye msumari wa kulia, nikawasha jiko.

Mama Ineke alimchagua Gladness. Barua yake ya majibu ilikuwa ya adabu, ilisema barua zote mbili zilikuwa nzuri. Gladness alikwenda Nairobi na sanduku langu, akarudi na kurasa zake, na wapagazi wa Meru wakawa na picha zao, mimi nikiwa nimewakusanya getini Momella na kuwaambia wavae mashati safi. Kampuni iliendelea miaka saba, mpaka kila mtu alipokuwa na imeili yake mfukoni. Gladness alikwisha kwenda mbali zamani. Frumence yuko Moshi, anafuga samaki, na ananiita bado Dada Aneth. Kila mara Gladness alipopanda ngazi nyingine nilifurahi hadharani na kwa dhati, na chini ya furaha kulikuwa na sauti ndogo ya mtu anayetafuta herufi.

Basi Jumamosi hiyo alifika saa saba, amenenepa kidogo, amevaa kitenge cha Kigali. Aliona ubao kabla hajakaa. Nilipakua mtori, tukaomba, tukala vijiko vichache tukizungumza habari za watoto. Kisha akanyoosha kidole akagusa msumari wa kulia.

"Dada, unakumbuka karatasi zote zilikuwa na matundu mawili?"

"La kushoto na la kulia."

"Yangu ilikuwa na matatu."

Niliweka kijiko chini. "Uliyahesabu lini?"

"Jumatatu ile. Nilitaka kuitoa nitunze nakala, kabla hatujapata majibu." Alikuwa anatazama supu. "Nilikaa nayo nikifikiri. Nikajua iling'olewa ikarudishwa. Nikajua na nani. Kitu ambacho sikujua ni kama wakati ule ulikuwa unasoma Kiingereza."

"Sikuwa nasoma," nikasema. "Ile niliisoma."

"Yote?"

"Niliichapa, Gladi. Kwa vidole viwili. Hata nukta zako."

Nje gari la mchanga lilipita likitikisa vikombe. "Niliogopa utakwenda wewe," akasema hatimaye. "Frumence alikuwa anasema kila siku wazo lilikuwa lako. Kila siku, Dada. Nilikuwa nachoka kulisikia." Nilimtazama. Kwa miezi yote ile nilikuwa nyuma ya mabati nikisikiliza, na hilo sikulisikia hata mara moja.

Sikumwambia nimemsamehe, naye hakuniambia. Baada ya muda aliuvuta ubao upande wake, akapitisha kiganja kwenye rangi iliyobanduka. "Nipe huu nikautundike ofisini Kigali."

"Hapana."

"Dada."

"Kiti ulichukua, Nairobi ulichukua. Ubao unabaki Sekei."

Akacheka, akausukuma ukarudi mbele yangu. Kisha akasimama, akachukua upawa kwenye chungu, akanipakulia mimi kwanza, akatafuta nyama na kuniwekea, moja, mbili, akatazama sahani yake, akaniongezea ya tatu.